Kuanza Fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza: Mwongozo kwa Mchezaji Mpya wa Visiwani

Kila mwaka ifikapo Agosti, mazungumzo ya barazani hubadilika. Wale waliokuwa wakibishana juu ya nani atachukua ubingwa wa Uingereza huanza kubishana juu ya nani amemchukua Haaland, nani amemwacha, na nani amejaza mabeki watatu wa klabu moja. Kuanzia Jaws Corner ndani ya Mji Mkongwe hadi kwenye vibanda vya kutazamia mpira Chake Chake, fantasi, yaani mchezo wa kujiundia kikosi cha kufikirika cha wachezaji halisi na kupata pointi kwa yale wanayoyafanya uwanjani, imekuwa ligi ya pili inayochezwa juu ya mgongo wa ile ya kwanza, na anayeingia kwa mara ya kwanza huwakuta wenzake wakitumia msamiati asioujua. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Unahusu Fantasy Premier League, ambao ndio mchezo rasmi wa ligi hiyo, na kanuni zinazoelezwa humu ni zile za msimu wa 2025/26.

Kujiunga ni bure. Unafungua tovuti au programu ya simu ya Premier League, unajisajili kwa barua pepe, unaipa timu yako jina, kisha unaanza kuchagua. Hakuna dau linalowekwa, na kwa sababu hiyo fantasi si sawa na ile mikeka ya kubeti ambayo vijana huijaza kwa tamaa ya fedha. Hata hivyo, yapo makundi yanayochangishana mwanzoni mwa msimu ili mshindi azichukue mwishoni. Mimi siingii katika makundi hayo, na anayetaka kuingia ni bora amuulize kwanza mwalimu wake wa dini. Kwangu mimi, kutamba mbele ya wenzangu kila Jumatatu asubuhi kunatosha.

Mchezo hukupa paundi milioni 100 za kufikirika na kukutaka ununue wachezaji 15, yaani makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3, bila ya kuzidisha wachezaji 3 kutoka klabu moja. Katika hao 15, kila juma unapanga 11, na ni lazima wawemo kipa 1, mabeki wasiopungua 3, viungo wasiopungua 2 na mshambuliaji asiyepungua 1. Wanne wanaobaki hukaa benchi. Mchezaji uliyempanga asipocheza hata dakika moja, mchezo wenyewe humwingiza wa benchi kwa mpangilio uliouweka, mradi idadi hizo zisivunjike. Kwa hiyo mpangilio wa benchi si pambo: anayekaa wa kwanza awe ndiye unayemtegemea zaidi kati yao.

Jinsi pointi zinavyopatikana

Mchezaji anayeingia uwanjani hupata pointi 1, na akifikisha dakika 60 hupata 2. Bao la mshambuliaji lina thamani ya pointi 4, la kiungo 5, la beki 6 na la kipa 10, ingawa hilo la kipa ni la kuhadithiana tu. Pasi iliyozaa bao ni pointi 3 kwa kila mchezaji. Timu isipofungwa, kipa na beki waliocheza dakika 60 hupata pointi 4 na kiungo hupata 1. Wakifungwa, kila mabao mawili humpunguzia kipa au beki pointi 1. Kadi ya manjano huondoa 1, nyekundu huondoa 3, kukosa penalti huondoa 2, na kujifunga huondoa 2. Kipa hupewa pointi 1 kwa kila mikwaju mitatu anayookoa na pointi 5 akidaka penalti. Mwisho wa kila mechi, wachezaji watatu waliofanya vizuri zaidi hugawiwa pointi za nyongeza 3, 2 na 1.

Kuanzia msimu wa 2025/26 iliongezwa kanuni ambayo washiriki wengi wa zamani walichelewa kuielewa. Beki ambaye katika mechi moja hufanya kazi za ulinzi zisizopungua 10, yaani kuondosha hatari, kuzuia mikwaju, kunasa pasi na kumpokonya mpinzani mpira, hupata pointi 2 za ziada. Kiungo na mshambuliaji nao huzipata wakifikisha 12, lakini wao huhesabiwa pia mipira waliyoirejesha kwenye miliki ya timu yao. Matokeo yake ni kwamba beki wa kati wa timu inayoshambuliwa muda wote, ambaye zamani hakuna aliyemtazama, sasa anaweza kumaliza mechi waliyofungwa bao moja akiwa na pointi 4, naye bei yake ni ya mchicha.

Ukizitazama hesabu hizi kwa utulivu utaona mambo mawili. La kwanza ni kwamba beki aliyecheza dakika zote bila ya timu yake kufungwa hupata pointi 6, sawasawa na mshambuliaji aliyefunga bao moja, ilhali bei ya mshambuliaji huyo huenda ni mara mbili. La pili ni kwamba nafasi inayohesabiwa ni ile iliyoandikwa na mchezo, wala si ile unayoiona uwanjani. Mohamed Salah alipovunja rekodi ya mchezo huu kwa kukusanya pointi 344 msimu wa 2024/25, alikuwa ameandikwa kuwa ni kiungo, ingawa kazi yake ilikuwa kufunga. Alifunga mabao 29 ya ligi msimu huo. Kama angeandikwa mshambuliaji, mabao yale yale yangempa pointi 29 pungufu, kabla hatujahesabu zile za timu yake kutofungwa. Kwa hiyo unapopitia orodha ya viungo, wasake wale wanaocheza karibu na lango la mpinzani, na hasa wanaopiga penalti.

Dakika kwanza, jina baadaye

Kosa kubwa la mgeni ni kununua majina. Hufungua orodha, akawaona nyota anaowajua kutoka kwenye televisheni, akawajaza hadi fedha zikamwishia, kisha benchi lake likawa la watu ambao hata kocha wao hawakumbuki. Msimu wa 2025/26 ulipoanza, Salah aliuzwa kwa milioni 14.5 na Erling Haaland kwa milioni 14.0. Aliyewachukua wote wawili alibakiwa na milioni 71.5 za kuwanunua wachezaji 13, ambayo ni wastani wa milioni 5.5 kwa kila mmoja. Si kosa kuwachukua, lakini ni lazima ujue mapema kwamba umeamua kuwa maskini kila mahali pengine.

Swali la kwanza la kuuliza juu ya mchezaji yeyote ni kama ataanza mechi. Mchezaji anayefikisha dakika 60 katika mechi zote 38 hukuletea pointi 76 kabla hajafanya lolote la maana, ilhali nyota anayeingizwa dakika ya 80 hukupa pointi 1, na ubaya wake zaidi ni kwamba kwa kuingia kwake huko yule wa benchi aliyepata pointi 9 hataweza kumrithi. Ili kumjua anayeanza, tazama alicheza vipi katika mechi za kirafiki za Julai na Agosti, tazama kama klabu imemsajili mshindani wake, na usome yale wanayoyasema makocha wanapozungumza na waandishi wa habari siku moja au mbili kabla ya mechi. Klabu zinazocheza mashindano ya Ulaya katikati ya juma huwapumzisha wachezaji Jumamosi, na mwezi wa Desemba, ambapo mechi hufuatana kwa karibu, karibu kila kocha hufanya hivyo. Mchezo nao huweka alama ya rangi kwenye jina la mgonjwa: nyekundu maana yake hachezi, na manjano ni shaka, pamoja na asilimia ya uwezekano wa kucheza.

Wachezaji wa Afrika wana jambo lao la pekee, ambalo sisi hatuna udhuru wa kulisahau. Fainali za Mataifa ya Afrika zilizofanyika Morocco kuanzia Desemba 2025 hadi Januari 2026 ziliwaondoa wengi wao kwenye vikosi vya klabu, na mchezo ukalazimika kumjazia kila mshiriki uhamisho wa bure hadi 5 ili aweze kuziba mapengo.

Ukishawajua wanaocheza, gawa fedha. Kwa anayeanza, napendekeza kiasi cha milioni 9 kwa makipa wawili, milioni 23.5 kwa mabeki, milioni 38 kwa viungo na milioni 29.5 kwa washambuliaji. Kipa wa pili awe wa bei ya chini kabisa, kwa kuwa hutamtumia. Sehemu inayostahili kuumiza kichwa ni wale wa bei ya kati, baina ya milioni 5 na 7.5, kwa sababu hapo ndipo misimu hupatikana au hupotea. Riyad Mahrez alikuwa na bei ya milioni 5.5 mwanzoni mwa msimu wa 2015/16, ule ambao Leicester City walitwaa ubingwa, na Cole Palmer alifunga mabao 22 msimu wa 2023/24 akiwa ameanzia miongoni mwa viungo wa bei ndogo. Hakuna aliyewatabiri. Waliofaidika ni wale waliokuwa na subira ya kuwatazama kwa majuma mawili matatu, wakaona kwamba wanaanza kila mechi na wanapewa penalti au mipira ya adhabu, wakawachukua kabla bei haijapaa.

Ratiba nayo itazamwe kwa mechi nne hadi sita za mbele, si ile ya Jumamosi hii peke yake. Wengi huwawinda washambuliaji wanaokutana na timu zilizopanda daraja, na kwa misimu miwili mfululizo, 2023/24 na 2024/25, hesabu hiyo ilikuwa sahihi kwa kuwa timu zote tatu zilizopanda zilishuka tena mwaka ule ule. Kisha wakaja Sunderland mwaka 2025, wakaanza msimu vizuri mno, na waliowadharau wakaumia.

Lipo pia suala la mapenzi. Katika baraza letu yuko mzee ambaye tangu aanze kucheza hajamnunua mchezaji hata mmoja wa timu pinzani ya timu yake. Kila mwaka humaliza wa mwisho, na kila mwaka hutuambia kwamba usingizi wake ni mtamu kuliko wetu. Siwezi kumlaumu, lakini kwa anayetaka kushinda, moyo na kikosi ni bora vitengane.

Unahodha na uhamisho

Kila juma unamteua nahodha, ambaye pointi zake huzidishwa mara mbili, na makamu wake, anayerithi nafasi hiyo iwapo nahodha hakucheza kabisa. Mshambuliaji akifunga mabao mawili na kupata pointi 3 za nyongeza atakuwa na pointi 13. Akiwa nahodha atakuletea 26, ambazo zinaweza kuwa nusu ya mavuno yako yote ya juma hilo. Kwa hiyo uamuzi huu mmoja una uzito kuliko uhamisho wowote. Mpe mfungaji anayepiga penalti, anayecheza nyumbani, na ambaye hana mechi ngumu ya Ulaya siku tatu kabla. Makamu na achaguliwe kwa uangalifu ule ule, asiwe mtu wa kujazia nafasi.

Uhamisho wa bure ni mmoja kila juma, na usipoutumia hujilimbikiza hadi kufikia 5. Kila uhamisho unaozidi hukukata pointi 4. Hapa ndipo hasira huwagharimu watu. Mchezaji amekosa kufunga mechi mbili, mtu anamuuza. Aliyenunuliwa naye alifunga mabao matatu juma lililopita, lakini mabao hayo yameshakwenda, nayo maji yakimwagika hayazoleki. Kabla ya kukubali kukatwa pointi 4, jiulize kama huyo mpya atamzidi wa zamani kwa zaidi ya pointi 4 katika mechi chache zijazo, na ujijibu kwa ukweli. Mara nyingi jibu ni hapana, isipokuwa pale ambapo anayetoka ni majeruhi wa muda mrefu. Aliyecheza bao anaujua mwenendo huu: anayekimbilia kula kila anapoona kete mbili tatu za mpinzani huacha nyumba yake wazi, na kete alizokula huzirudisha kwa riba.

Bei za wachezaji hupanda na kushuka usiku kwa kufuata idadi ya wanaowanunua na kuwauza. Ukimnunua mchezaji kwa milioni 7.5 naye akapanda hadi 7.8, ukimuuza utapata 7.6 tu, kwa sababu mchezo hukupa nusu ya faida na kuikata kwenda chini. Usihangaike sana na jambo hili katika mwaka wa kwanza. Anayehamisha Jumanne usiku ili aokoe laki moja ya paundi za kufikirika, kisha Alkhamisi akasikia kwamba mchezaji wake ameumia mazoezini, amefanya biashara mbaya.

Saa ya mwisho

Mlango wa mabadiliko hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya juma, na ukishafungwa hakuna rufaa. Kwa kuwa Uingereza hubadilisha saa zake Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, nasi hatubadilishi, tofauti yetu nao huwa ni saa mbili mwanzoni na mwishoni mwa msimu, na saa tatu katikati yake. Mechi ya Jumamosi ya saa 6:30 mchana za huko huanza hapa saa nane na nusu mchana mwezi wa Agosti, hivyo mlango hufungwa saa saba, watu ndio kwanza wanatoka kusali Adhuhuri. Mwezi wa Novemba mlango huo huo hufungwa saa nane. Mechi ya Ijumaa ya saa 2 usiku za huko hufunga mlango saa mbili na nusu usiku kwa saa zetu wakati wa kiangazi chao, na saa tatu na nusu wakati wa baridi yao. Ramadhani inapoangukia miezi ya Februari na Machi, kama ilivyokuwa mwaka 2026, mechi za katikati ya juma za saa 1:30 usiku za Uingereza hufunga mlango saa tatu kamili, wakati ambao wengi wako katika tarawehe. Panga kikosi kabla ya futari na uache simu nyumbani.

Nayasema haya kwa sababu yalinifika. Jumamosi moja nilipanda boti kwenda Mkoani nikiwa na nia ya kubadilisha nahodha njiani, kwa kuwa habari ya kuumia kwake ilikuwa imeshaanza kuzagaa. Tulipoiacha Nungwi, mtandao ukakatika. Ulirudi tulipokaribia Pemba, mlango ukiwa umeshafungwa, na makamu niliyemwacha ni beki wa kati ambaye timu yake ilifungwa mabao manne. Tangu siku hiyo, kikosi changu huwa tayari Ijumaa asubuhi, na yanayobaki kwa dakika za mwisho ni marekebisho tu.

Chipu na ligi za marafiki

Zipo nyenzo nne maalumu ambazo washiriki huziita chipu, na msimu wa 2025/26 kila mshiriki alipewa seti mbili, ya kwanza ikiwa lazima itumike kabla ya mlango wa juma la 19 kufungwa. Waildikadi hukuruhusu kubadilisha kikosi kizima bila ya kukatwa pointi. Frii hiti hufanya vivyo hivyo kwa juma moja tu, kisha kikosi chako cha awali hurejea. Ya tatu huhesabu pointi za benchi lote, na ya nne humzidishia nahodha mara tatu badala ya mara mbili. Mgeni huwa na pupa ya kuzitumia mwezi wa Agosti. Waildikadi ya kwanza inafaa zaidi baada ya majuma manne au zaidi, pale unapokuwa umeshaona nani anaanza na nani alikuwa moshi tu. Zile za benchi na nahodha hufaa katika majuma maradufu, ambayo hutokea pale mechi zilizoahirishwa kwa sababu ya vikombe vya ndani au hali ya hewa zinapopangwa upya, na timu moja ikacheza mara mbili ndani ya juma moja la mchezo. Frii hiti nayo ni ngao ya juma lile ambalo klabu nyingi hazina mechi kabisa.

Kuhusu ligi za marafiki, mmoja wenu huifungua na kuwatumia wengine namba ya siri ya kuingilia. Ipo ya jumla, ambayo mwenye pointi nyingi ndiye mshindi, na ipo ya ana kwa ana, ambayo kila juma hukutana wawili. Anayeanza na aichague ya jumla, kwa sababu ile nyingine ina bahati nyingi mno: unaweza kupata pointi 80 ukafungwa na mwenye 82, na jirani yako akashinda kwa 31.

Ifikapo Aprili, mbinu hubadilika kulingana na mahali ulipo. Kikosi cha mpinzani hakionekani kabla ya mlango kufungwa, lakini vikosi vyake vya majuma yaliyopita viko wazi, na ukivipitia utajua chipu alizobakisha na mtu anayependa kumpa unahodha. Ukiwa unaongoza kwa pointi 15 au 20, mpe unahodha yule yule unayedhani atampa, ili akifunga mabao matatu yasikupunguzie kitu. Ukiwa nyuma kwa kiasi hicho, mfuate mwingine mwenye mechi nzuri ambaye yeye hanaye, hata kama barazani watakucheka hadi Jumapili usiku.